Miles Ahead: muvi ya mpiga tarumbeta aliyenyamaza miaka mitano

Naanza na onyo. Ukikaa kuangalia hii muvi ukitegemea kuoneshwa Miles Davis, yule mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, kazaliwa wapi, kasoma wapi, kaoa nani kisha nani, halafu kafa lini, utainuka umekasirika, na nina rafiki yangu aliyeinuka baada ya dakika ishirini akaniambia hii ni muvi ya majambazi umenidanganya. Sikumdanganya. Ila namuelewa, maana mwanzo wake kweli una magari na risasi, na mtu aliyezoea zile muvi za maisha ya wanamuziki (mtoto maskini, kipaji, umaarufu, pombe, machozi, makofi, mwisho) hawezi kujua ashike wapi.

Miles Ahead imetengenezwa na Don Cheadle, yeye ndo dairekta, yeye ndo kaandika skripti pamoja na Steven Baigelman, na yeye ndo Miles mwenyewe. Ilioneshwa mara ya kwanza New York Film Festival mwaka 2015, ikaingia kumbi za sinema Marekani 2016. Huku kwetu wengi tunamjua Cheadle kwa Hotel Rwanda ya 2004, wengine kwa zile za Iron Man. Hii ndo muvi yake ya kwanza ndefu kuiongoza, na amechagua kazi ngumu kupita kiasi, kwa sababu hakuchagua miaka ambayo Miles anapiga. Amechagua miaka ambayo hapigi.

Hapo ndo iliponishika mimi, na nieleze kwa nini ili ujue anayekusimulia ni mtu wa aina gani. Mjomba wangu alikua mpiga tarumbeta kwenye bendi ya dansi, Morogoro na baadae Dar, miaka ile bendi zilikua na safu ya matarumbeta na masaksafoni na watu wanakuja kwa ajili ya hiyo safu. Mimi nimekua nikiliona lile tarumbeta uvunguni, ndani ya kasha lake, limefungwa kanga kuukuu. Sijawahi kusikia likipulizwa. Mama alishatuambia tangu tukiwa wadogo, msimuulize mjomba habari za tarumbeta, na tulikua hatuulizi, yaani ilikua kama kuna mtu amefariki humo ndani ya kasha. Kwa hiyo mtu anaponiambia kuna muvi ya mpiga tarumbeta aliyeacha kupiga, mi sihitaji kushawishiwa, naitafuta.

Sasa historia yenyewe kidogo, maana muvi haikupi. Miles alizaliwa Alton, Illinois, tarehe 26 Mei 1926, akakulia East St. Louis, baba yake daktari wa meno, sio mtoto wa shida ya chakula kabisa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 40 mpaka katikati ya 70 amebadilisha muziki mara nyingi kiasi kwamba ukichukua albamu zake tatu ukampigia mtu asiyejua atakuambia ni watu watatu tofauti. Tarehe 1 Februari 1975 alipiga shoo mbili siku moja Osaka, Japani, mchana na jioni, zote zikarekodiwa zikawa albamu mbili, Agharta na Pangaea. Mwaka huohuo akaacha. Nyonga mbovu, selimundu, vidonda vya tumbo, kokeni, pombe, na uchovu wa kichwa pia. Akajifungia nyumbani kwake mtaa wa 77 West, Manhattan, mapazia chini, na karibu miaka mitano tarumbeta halikuguswa. Alirudi rasmi 1981. Muvi inaingia hapo katikati, kwenye giza, siku chache tu za mwisho mwisho wa miaka ya 70, na kutoka kwenye hizo siku chache inakua inaruka kurudi nyuma, miaka ya 50 na 60, alipokua na mkewe Frances Taylor.

Stori ya juu juu ni hii. Mwandishi wa habari mmoja, Dave Braden, amechezwa na Ewan McGregor, anakuja kugonga mlango akidai ametumwa na jarida la Rolling Stone kuandika habari ya kurudi kwa Miles. Anakaribishwa na ngumi ya uso. Baadae kuna kanda, tepu la studio alilorekodi Miles kwa siri, kampuni inalitaka, meneja mmoja mjanja anaitwa Harper (Michael Stuhlbarg) analitaka, linaibwa, basi Miles na huyu mwandishi wanazunguka New York nzima kulitafuta na bastola mkononi. Kwenye hiyo kanda kuna nini sitasema. Huyo Braden hakuwepo duniani, wizi wa kanda haukutokea, kukimbizana na magari hakukutokea. Ni ya kutunga yote.

Na Cheadle hafichi kwamba ametunga. Mwanzoni kabisa Miles anahojiwa, mtu anaanza kumuelezea kwa maneno yale ya heshima ya redioni, anamkata, anamwambia kama unasimulia stori basi isimulie na moto wako, usiwe mtu wa maneno yaliyochacha. Hapo ndo muvi inapojiombea ruhusa ya kudanganya. Mimi niliitoa ruhusa. Ila nimeiangalia mara tatu sasa, na nimegundua kuna uongo wa aina mbili humu ndani, na tofauti yake ni kubwa sana.

Kuna uongo unaokupeleka ndani ya kichwa cha huyu mtu. Kuna sehemu yuko ndani ya lifti kwenye jengo la kampuni ya kurekodi, amesimama tu na nguo zake za ajabu na nywele zake ndefu zimekatika mbele, anausukuma ukuta wa lifti na mkono, ukuta unafunguka, anaingia, na yuko klabuni miaka ishirini nyuma, suti imekaa, bendi inapiga. Hakuna maandishi ya mwaka chini, hakuna picha kugeuka nyeusi na nyeupe, ni mlango tu. Kumbukumbu zinakuja hivyo kweli. Hazikuombi ruhusa, uko dukani unanunua sabuni mara uko msibani mwaka 1998. Na mwishoni mwishoni kuna pambano la ngumi, ukumbi umejaa, Miles kaja kwa ajili ya kanda yake, anageuza macho kwenye ulingo, na ndani ya kamba badala ya mabondia anaona bendi yake ya zamani inapiga. Ukijua kwamba Miles alikua anapenda ngumi mpaka akafanya albamu nzima ya bondia Jack Johnson, 1971, na kwamba alikua anafanya mazoezi ya bondia, hiyo picha inakaa mahali pake. Jukwaa kwake lilikua ulingo. Unapanda, unapigwa au unapiga.

Halafu kuna ile ya redio, ambayo ni ndogo, dakika moja hivi, na mimi ningeibakiza hiyo hata kama wangenilazimisha kukata zingine zote. Usiku, nyumba giza, vitu vimezagaa, redio inapiga wimbo kutoka Kind of Blue, ile albamu ya 1959 ambayo kila mtu duniani hata asiyejua jazi anayo. Mtangazaji anaanza kumsifia na kuuliza yuko wapi. Miles anachukua simu. Anampigia mtangazaji. Anamwambia atoe hiyo, aweke ya Sketches of Spain, albamu yake nyingine. Basi. Jamani fikiria, mtu amekaa gizani anasikiliza watu wakizungumza habari zake kama marehemu, tarumbeta liko hatua tano kutoka alipo, badala ya kulinyanyua ananyanyua simu kuomba apigiwe alichopiga zamani. Mi hapo nilisimamisha muvi nikaenda kunywa maji.

Cheadle mwenyewe ni mzuri kiasi kwamba unasahau sura yake. Sauti kwanza. Miles alifanyiwa operesheni ya koo miaka ya 50 katikati, akaambiwa asipaze sauti, akagombana na mtu akapiga kelele kabla koo halijapona, na kuanzia hapo akabaki na ile sauti ya kukwaruza kama mtu anaongea kupitia mchanga, mpaka kufa. Kuiga hiyo sauti ni rahisi, wachekeshaji wote Marekani wanaiiga. Cheadle haiigi, anaitumia, kuna wakati inatisha na kuna wakati inabembeleza, na ananong'ona kwa namna ambayo inabidi wengine wasogee karibu ndo wamsikie, na ukisogea karibu ushaingia kwenye mtego wake. Halafu kutembea. Anachechemea kwa sababu ya nyonga, lakini anachechemea na madaha, kama mtu aliyeamua maumivu yasimuharibie suti.

Frances. Emayatzy Corinealdi ndo anayemcheza, na ningependa watu waongee zaidi habari zake kuliko wanavyoongea. Frances Taylor wa kweli alikua mcheza dansi wa hadhi ya juu, amepita kwenye kundi la Katherine Dunham, amekuwemo kwenye West Side Story, ule mchezo wa jukwaani wa muziki wa Broadway, ulipoanza 1957, na Miles akamwambia aache, mwanamke wake hafanyi kazi kwenye West Side Story, na akaacha. Hiyo imo kwenye muvi na inauma. Ugomvi umo, kupigwa kumo, kukimbia kumo. Cheadle hajamsafisha Miles hata kidogo, namheshimu kwa hilo, sababu wenye familia yake walishiriki kwenye hii kazi na angeweza kabisa kupaka chokaa. Kuna sehemu Miles anakwenda kununua unga kwa mwanafunzi wa chuo, kijana anashangaa kumuona, anamletea albamu zake azisaini, mojawapo ni Someday My Prince Will Come ya 1961, na jalada la ile albamu lina sura ya Frances. Anaishika. Haongei. Yule kijana anaona anasainiwa sahani ya santuri, sisi tunaona mtu anaangalia alichokivunja.

Mi nina albamu nyingine ya Miles, E.S.P. ya 1965, ambayo muvi haiitaji. Jaladani wako wawili, yeye amelala chini anamuangalia Frances, na Frances anaangalia upande wetu. Muda mfupi baada ya picha ile Frances aliondoka nyumbani na hakurudi. Ukishaiona muvi nenda kaitafute hiyo picha. Frances alikua hai muvi ilipotoka, amefariki 2018.

Ila hapo hapo nina lalamiko. Frances anaishi ndani ya kumbukumbu za Miles tu, tunamuona anapopendwa na anapoumizwa, hatumuoni akiwa peke yake akicheza kwa sababu anataka kucheza. Nafasi ilikuwepo. Dakika zilizotumika kwenye magari zilimtosha.

Ile ya klabu ya Birdland nayo ipo, nilikua naisubiri. Agosti 1959, mwezi uleule Kind of Blue imetoka, Miles anatoka nje ya klabu kupumzika na kuvuta sigara, amemsindikiza mwanamke mzungu kwenye teksi, polisi anamwambia ondoka hapa. Anamjibu nafanya kazi hapa, jina langu hilo hapo juu. Akapigwa kichwani mpaka damu ikatapakaa kwenye suti, akapelekwa kituoni, mashtaka baadae yakafutwa. Muvi haiweki muziki wa huzuni wala haitoi hotuba, inaipitisha haraka, na nadhani ndivyo ilivyokua, dakika mbili za maisha ya mtu ambazo hazimtoki miaka ishirini. Ukitoka hapo ukirudi kwenye Miles wa giza mwenye bastola, anayeshuku kila anayegonga mlango, unaelewa bila kuambiwa.

Sasa uongo wa aina ya pili.

Magari. Risasi. Meneja mwovu na mlinzi wake. Unaona kabisa hapo si Miles anayeota, hapo ni mtu wa mauzo anaogopa tutachoka. Cheadle alisema hadharani, muvi ilipooneshwa Berlin 2016, kwamba bila mwigizaji mzungu kwenye nafasi kubwa hela isingepatikana. Alihangaika miaka kutafuta fedha, mwisho akachangisha watu mtandaoni, zaidi ya dola 300,000 zikatoka kwa watu wa kawaida, yeye mwenyewe akatoa zake mfukoni, na New York yote unayoiona imepigwa Cincinnati kwa sababu ndo bajeti ilipofika. Miles Davis! Mtu aliyebadilisha muziki wa karne, na bado kumsimulia kunahitaji mzungu wa kubeba mkoba. McGregor anacheza vizuri sina ugomvi naye, ana vichekesho vyake na anakubali kuwa mjinga wa stori. Lakini nikikaa nikafikiria kwamba mtu anayemtoa Miles nyumbani kwenye hii muvi ni mwandishi wa kutunga, wakati kwenye maisha ya kweli aliyemsaidia sana kuacha unga na kurudi kula na kurudi kupumua ni Cicely Tyson, mwigizaji mkubwa mweusi, wakaoana 1981, na kwenye muvi nzima hayumo hata jina, inanikera kwelikweli. Huo sio uongo wa kisanii. Hapo kuna mtu kafutwa.

Mpwa wake Miles pia, Vince Wilburn, mpiga drams, ambaye ni katika vijana waliokua wakimtia hamu ya kurudi studio mwanzoni mwa 80, hayumo, ingawa ni yeye aliyesema kwenye hafla ya Rock and Roll Hall of Fame 2006 kwamba Cheadle ndo atamcheza Miles, kabla hata Cheadle mwenyewe hajaulizwa. Badala ya vijana hao tumepewa Junior, kijana mpiga tarumbeta mwenye kipaji na unga mwilini, LaKeith Stanfield, ambaye ni wa kutunga pia. Huyo lakini nimemsamehe. Junior ni Miles wa 1950, aliyekua teja wa heroini miaka ile kabla hajaenda kujifungia kwa baba yake shambani Illinois akaiacha. Muvi haielezi hayo, inakupa tu mzee anamuangalia kijana na hasira ya mtu anayejiangalia kwenye kioo.

Kuna jambo moja nataka niliseme kwa wasomaji wa Kiswahili hasa. Ndani ya muvi Miles anagoma kuuita muziki wake jazi, anataka uitwe muziki wa jamii. Wengi wanaopitia muvi hii wanaichukulia kama maneno ya msanii mwenye majivuno. Mi nilicheka kwa furaha, kwa sababu sisi hilo neno tulishalifanyia hivyohivyo. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Dar es Salaam Jazz, NUTA Jazz, hakuna hata moja iliyokua ikipiga anachokiita Mmarekani jazi, ilikua rumba, cha cha cha, gitaa la Mbaraka Mwinshehe, na watu wanacheza mpaka asubuhi. Jazi kwetu ilikua maana yake bendi, maana yake watu wamekusanyika Jumamosi. Yaani muziki wa jamii. Nashindwa kuamini angeingia kwenye ukumbi wa DDC Kariakoo asielewe papo hapo kinachoendelea.

Na Kiswahili kilikuwemo kwenye bendi yake kweli, sio nabandika. Kuanzia 1971 mpaka kimya kinaanza, mpiga tumba wake alikua kijana anaitwa Mtume, ndio, Mtume, Mmarekani mweusi aliyechukua jina la Kiswahili kama walivyofanya wengi kipindi kile, na kuna wimbo wa Miles unaitwa Mtume kwenye albamu ya Get Up With It ya 1974. Albamu hiyohiyo ina kitu cha zaidi ya dakika 32 kinaitwa Calypso Frelimo. FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam Juni 1962, wapigania uhuru tuliowapa hifadhi. Sijui Mtanzania gani anapita hapo bila kusimama. Huo ndo muziki wa mwisho mwisho kabla ya giza, muziki mzito, gitaa zinalia, ogani, tumba, na muvi kwa bahati nzuri inautumia, haijabaki kwenye Kind of Blue tu kama wangefanya wengine. Hata Herbie Hancock, aliyekua mpiga kinanda wa Miles miaka ya 60, alikua na bendi yake inaitwa Mwandishi, kila memba na jina lake la Kiswahili, Jabali, Mganga, Mchezaji. Na huyo Hancock yumo mwisho wa muvi, kwenye shoo ya kurudi, pamoja na Wayne Shorter, Esperanza Spalding kwenye besi, Gary Clark Jr. gitaa, Antonio Sánchez drams, Robert Glasper kinanda. Wazee wa Miles na vijana wa leo jukwaa moja, Cheadle katikati bado ni Miles, koti lake mgongoni limeandikwa SocialMusic na ile alama ya reli ya mtandaoni, kitu ambacho miaka ya 80 hakikuwepo, na hiyo ndo namna ya muvi kusema huyu mtu hayuko nyuma yetu.

Saundi ni ya Glasper, na album ya muvi ilishinda Grammy 2017. Ukisikia Miles kwenye nyimbo za zamani ni rekodi zake mwenyewe, kwenye vitu vipya anayepuliza ni Keyon Harrold. Mimi kwa sikio langu sikujua zinapishana wapi. Usiangalie kwa spika ya simu tafadhali, hedifoni za elfu kumi zinatosha, lakini ziwepo, kwa sababu nusu ya uigizaji uko kwenye sauti za nyumba, mbao zinalia, barafu kwenye glasi, na ule mluzi wa tarumbeta lenye kizibo unakuja kutoka mbali kama jirani.

Nimeangalia mara ya tatu na mjomba. Nilisita wiki nzima. Nikamwambia tu mjomba nina sinema ya mpiga tarumbeta, akaniuliza nani, nikasema Miles, akasema huyo namjua, tulikua na santuri yake moja kambini, akakaa. Kiingereza kinampita lakini hakuniomba nitafsiri. Magari yakaanza kukimbizana akachukua gazeti. Aisee nikaona basi, nimemchosha mzee. Kila tarumbeta likionekana anaweka gazeti chini, anaangalia vidole. Baadae nikamuuliza, akasema vidole vya huyu bwana ni vya kweli, anabonyeza sawasawa na sauti, na mdomo ameubana vizuri, huyu amejifunza. (Ni kweli, Cheadle alijifunza tarumbeta kwa ajili ya hii kazi, na kwenye picha ni yeye anapuliza.) Nikamuuliza kuhusu ile kurudi baada ya miaka mitano, inawezekana kirahisi hivyo? Akatikisa kichwa. Akasema mdomo wa tarumbeta ni msuli, ukiuacha mwezi unalegea, ukiuacha mwaka unaanza upya kama mtoto, noti moja moja, na kinachouma sio mdomo, kinachouma ni kwamba sikio bado linakumbuka ulivyokua. Akasema hapo wamemrudisha haraka mno huyo mtu. Ni kasoro ambayo mimi nisingeiona maisha yangu yote, na nadhani ndo kasoro kubwa kuliko magari, muvi imekaa saa nzima na nusu kwenye kimya halafu ile kazi ya kutoka kwenye kimya, zile asubuhi za noti mbaya, imezirukia kwa hatua moja mpaka jukwaani.

Bado naipa nane juu ya kumi. Ni ya watu wazima, matusi mengi, unga, na ugomvi wa ndani ya nyumba, usiweke na watoto sebuleni. Inachukua dakika 100. Kama hujawahi kumsikiliza Miles anza na Sketches of Spain jioni moja, kesho yake Get Up With It, ndo uangalie.

Mwisho kabisa yanakuja maandishi, jina lake na tarehe ya kuzaliwa, 26 Mei 1926, kistari, halafu hakuna kitu. Alifariki Septemba 1991 lakini hawajaandika. Mjomba alisoma, akasubiri ile tarehe nyingine ije, haikuja. Akaniambia rudisha pale alipokua anapiga simu redioni.